Kutoka chuo cha kati hadi chuo kikuu: F ya Hisabati inavyofunga mlango wa udaktari

Fikiria jioni ya mwezi wa saba pale Soni, kwenye milima ya Usambara. Ukungu umeshuka mpaka usawa wa barabara, malori ya kabichi na karoti yameshateremka kuelekea Mombo, na kwenye duka la steshenari karibu na njia panda ya Bumbuli mama na mwanawe wamekaa mbele ya kompyuta wakijaza maombi ya chuo kikuu.

Kijana amemaliza stashahada ya utabibu. Amesoma miaka mitatu, ametoka na GPA ya 3.8. Sasa anataka shahada ya udaktari wa binadamu, na chuo alichokiweka mbele ni kile cha KCMC, Moshi, maana ndicho kilicho karibu zaidi na nyumbani. Mfumo unamwomba namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Anaiandika, anabonyeza, anasubiri. Jibu linakuja kwa maandishi mekundu: hana sifa za kozi aliyochagua.

“Labda umekosea namba, baba. Rudia tena,” anasema mama.

“Sijakosea, mama. Ni hesabu. Nilipata F.”

“F ya sekondari? Si umeshasoma chuo miaka mitatu?”

Familia hii ni ya mfano, lakini kikwazo chake si cha kubuni. Kimeandikwa wazi kwenye miongozo ambayo wazazi wengi hawajawahi kuifungua, na kwa wengi hugundulika siku kama hiyo, dirisha la udahili likiwa tayari limefunguliwa na ada ya miaka mitatu imeshalipwa.

Miongozo miwili isiyosema kitu kimoja

Kijana anayemaliza kidato cha nne na kutaka kusomea utabibu ngazi ya stashahada hupimwa kwa mwongozo wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET (zamani NACTE). Mwongozo huo unamtaka awe na ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza? Vimewekwa kama sifa ya ziada. Ukiwa navyo ni vizuri, usipokuwa navyo unapokewa.

Kijana huyohuyo akitaka kwenda chuo kikuu kwa stashahada yake, anahamia kwenye kitabu kingine, mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Humo anaitwa mwombaji mwenye sifa linganishi. Kwa shahada ya udaktari wa binadamu, sharti la kawaida ni stashahada ya utabibu yenye wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0. Kisha inafuata sentensi ambayo ndiyo iliyomkuta kijana wa Soni: awe na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza.

Kilichokuwa sifa ya ziada kwenye mlango wa kwanza kimegeuka sharti kwenye mlango wa pili. Hakuna aliyedanganya. Chuo kilimpokea kihalali, kikamfundisha, na amehitimu kihalali. Ni kwamba siku anaingia hakuna aliyelazimika kumwambia kwamba mlango wa pili una ufunguo wake. Maneno “sifa ya ziada” yana upole wa kumfanya mzazi asiulize swali la pili, na swali hilo la pili ndilo lenye uzito: ziada kwa ajili ya nini?

D ya kidato cha nne huanzia alama 30. Chini ya hapo ni F. Hivyo kijana aliyepata 28 ya hesabu akiwa na miaka 17, kisha akaenda kujifunza kupima shinikizo la damu, kushona majeraha na kukokotoa dozi ya dawa ya mtoto kwa uzito wake, bado anasubiriwa na zile alama mbili.

Hesabu ya miaka

Kosa hili linarekebishika. Mtu yeyote aliyefanya mtihani wa kidato cha nne anaweza kurudia somo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anajisajili kupitia kituo kinachotambuliwa na Baraza la Mitihani, NECTA, na hahitaji kurudia masomo yote, anachagua lile analolihitaji. Ugumu uko kwenye kalenda.

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika mwanzoni mwa mwaka. Mtihani ni Novemba. Matokeo kwa kawaida hutoka Januari inayofuata. Dirisha la vyuo vikuu hufunguliwa Julai.

Sasa mweke kijana wetu kwenye kalenda hiyo. Amegundua tatizo Julai, usajili wa mwaka huo umeshapita. Anasubiri Januari ajisajili, anafanya mtihani Novemba, anapata matokeo Januari nyingine, anaomba chuo Julai. Imekuwa miaka miwili kamili kwa sababu ya somo moja.

Angeligundua hilo akiwa mwaka wa kwanza wa stashahada, asingepoteza hata mwezi. Angejisajili akiwa chuoni, angesoma hesabu jioni na wakati wa likizo, angefanya mtihani Novemba huku akiendelea na masomo yake, na angehitimu akiwa na vyeti viwili vya kidato cha nne mkononi. Gharama yake ingekuwa ada ya mtihani, nauli na pengine mwalimu wa tuisheni. Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake yuko chuo cha kati hivi sasa, mwaka wa kwanza au wa pili, ana jambo la kufanya leo kabla ya kulala: atoe cheti cha kidato cha nne sandukuni akisome somo kwa somo. Asiangalie daraja. Daraja la tatu linaweza kuficha F ya hesabu bila shida yoyote.

Chuo gani, GPA gani

Kuna jambo la pili linaloumiza polepole zaidi, nalo ni GPA. Kwenye stashahada, daraja la pili la chini huanzia 2.7 na kuishia 3.4. Mhitimu mwenye 2.9 na mwenye 3.4 wamevaa joho moja, wametajwa kwenye daraja moja, wamepigwa picha pamoja. Chuo kikuu kitamwita mmoja tu kati yao, kwa sababu mstari umepita kwenye 3.0 na haujali sherehe.

Mwanafunzi anayejua hilo mapema husoma kwa namna nyingine. Somo aliloshika C halichukulii kama “nimepita”. Asiyejua hukimbizana na kufaulu tu, na kufaulu huanzia 2.0.

Jambo la tatu linachukua dakika chache, ila wapo wanaolikumbuka siku ya mwisho. Mwenye stashahada haombi chuo kikuu kwa kupeleka nakala ya cheti. Anatakiwa kwanza awe na namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, ambayo huombwa NACTVET kwa njia ya mtandao. Matokeo ya chuo yasipokuwa yamewasilishwa na kuidhinishwa, namba haitoki. Mhitimu ahakikishe chuo chake kimepeleka matokeo kabla ya Julai, na jina lililo kwenye cheti cha kidato cha nne liwe lilelile la stashahada, herufi kwa herufi. Shekiondo wa cheti kimoja akiwa Shekyondo kwenye kingine, mfumo utaona watu wawili.

Akishachaguliwa na chuo zaidi ya kimoja atatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja anachokwenda. Ujumbe huo huenda kwenye simu iliyoandikwa kwenye maombi. Ndiyo maana si busara kuandika namba ya mwenye duka la steshenari.

“Si ataingia mwaka wa tatu?”

Hili ndilo swali la mezani, na mara nyingi huletwa na ndugu aliyeko nje. Mjomba yuko Marekani, anapiga simu kwa WhatsApp, anasema huko kwao mtu anasoma miaka miwili chuo cha jamii kwa ada nafuu, kisha anahamia chuo kikuu na kuendelea mwaka wa tatu. Mjomba hasemi uongo. Jimbo la California, kwa mfano, lilitunga sheria mwaka 2010 kurahisisha uhamisho wa namna hiyo kutoka vyuo vya jamii kwenda vyuo vikuu vya serikali vya jimbo hilo, na masomo ya miaka miwili ya kwanza yanahesabiwa. Anachosahau kusema mjomba ni kwamba hata huko, njia hiyo haimpeleki mtu udaktari moja kwa moja. Udaktari wa Marekani huanza baada ya kumaliza shahada ya kwanza.

Hapa kwetu mwenye stashahada ya utabibu akidahiliwa udaktari anaanza mwaka wa kwanza, benchi moja na waliotoka kidato cha sita. Anasoma miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini ndipo apate usajili kamili. Miaka yake mitatu ya chuo cha kati haikatwi. Itamsaidia wodini, na wengi wa namna hiyo huonekana mapema kwa jinsi wasivyoogopa mgonjwa, lakini kwenye hesabu ya miaka haimo.

Mzazi anayelinganisha njia mbili mtoto akiwa bado kidato cha nne aziweke hivi. Kidato cha tano na sita kwa mchepuo wa PCB ni miaka miwili, udaktari mitano: saba. Stashahada mitatu, udaktari mitano: minane. Tofauti ni mwaka mmoja. Lakini aliyepita stashahada ana taaluma mkononi hata akikwama njiani, wakati aliyetoka kidato cha sita bila ufaulu wa kutosha wa Fizikia, Kemia na Biolojia ana cheti tu. Kwa nyumba nyingi za Soni, ambako ada inatoka kwenye karoti, kahawa na mchezo wa vikoba, tofauti hiyo ina maana kubwa. Hakuna sababu ya kumwonea haya mtoto aliyechagua chuo cha kati. Sababu ipo ya kumwuliza, kabla hajachagua, kama anataka kuishia hapo au kuendelea.

Ngazi iliyoondolewa

Wazee wa upande huu wana ushauri wao: fanya kazi kwanza, serikali itakurudisha darasani. Ushauri huo ulikuwa sahihi kwa miongo mingi. Tabibu alifanya kazi miaka kadhaa, akarudi chuoni miaka miwili, akatoka daktari msaidizi. Madaktari wasaidizi ndio waliobeba hospitali nyingi za wilaya nchini. Upasuaji mwingi wa akina mama waliokwama kujifungua ulipita mikononi mwao. Bumbuli, kwenye hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri inayofikiwa kwa barabara inayochepuka hapo Soni, kuna historia ndefu ya kufundisha watabibu, kwa hiyo wengi wanamjua jirani au shemeji aliyepanda kwa ngazi hiyo.

Mafunzo ya udaktari msaidizi yalisitishwa katika muongo uliopita. Kwa tabibu anayetaka kuwa daktari, kilichobaki ni miaka mitano ya chuo kikuu. Babu hana kosa kutoa ushauri wa enzi zake, ila kijana asiupangie maisha.

Mkopo na kazi, mtego wa pande mbili

Turudi kwa kijana wetu. Tuseme hesabu angekuwa nayo. Bado kuna swali: aende chuo kikuu moja kwa moja au afanye kazi kwanza akusanye fedha?

Miongozo ya miaka ya karibuni ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, inaweka masharti matatu yanayogusa swali hilo. Mwombaji asizidi miaka 35. Awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Asiwe na kipato kinachotokana na mkataba rasmi wa ajira.

Soma mawili ya mwisho kwa pamoja. Akiajiriwa kwa mkataba, anakosa mkopo wakati huo. Akiacha kazi baada ya miaka sita ili aombe, muda wa stashahada yake umepita. Anayefanya kazi ya kujitolea kwenye zahanati akisubiri ajira ana nafasi, lakini saa inakimbia. Na aliyeajiriwa serikalini anahitaji ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri. Akiondoka bila hiyo anaweza kurudi na shahada akute amefukuzwa kazi kwa utoro.

Kwa mtazamo wa kifamilia, jambo hili halina jibu moja. Nyumba yenye wadogo wanne wanaosubiri ada inaweza kuhitaji mshahara wa tabibu sasa kuliko daktari baada ya miaka sita. Ubaya ni pale uamuzi huo unapofanyika bila mtu kuujua: mtoto anaambiwa “fanya kazi kidogo kwanza”, kidogo inakuwa miaka saba, na siku anaulizia mkopo anaambiwa hafai. Afadhali jambo lisemwe sebuleni, kwa miaka na kwa fedha, hata kama linauma.

Kwa wanaoomba, maandalizi huanza kabla ya Julai. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo pia. Kama kaya iko TASAF, namba ya kaya iwe karibu. Fomu husainiwa na kiongozi wa kijiji au mtaa na kupigwa muhuri wa hakimu au wakili, na mtu wa Soni anajua maana ya kupanda mpaka Lushoto mjini mara tatu kwa sababu ya muhuri mmoja. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imeanza kutolewa pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwamo. Aliyekopa huko akumbuke kwamba deni linamfuata chuo kikuu na kuongezeka, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Kama mlango wa udaktari haufunguki

Si kila mwenye stashahada ya afya lazima awe daktari, ingawa sherehe zetu za mahafali huongea kana kwamba ndivyo. Muuguzi mwenye stashahada anaweza kwenda shahada ya uuguzi, ya miaka minne. Mteknolojia wa maabara na mfamasia wana shahada zao. Kila kozi ina masharti yake ya kidato cha nne, na hubadilika, kwa hiyo kitabu cha kusoma ni cha mwaka huo, kinachopatikana bure kwenye tovuti ya TCU, na wala si picha ya ukurasa iliyozunguka kwenye kundi la wazazi tangu mwaka juzi.

Mwenye GPA chini ya 3.0 naye hajafika mwisho wa barabara. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina programu ya msingi inayopokea wenye stashahada kuanzia GPA ya 2.0, na akifaulu humo kwa kiwango kilichowekwa anaruhusiwa kuomba shahada. Kabla ya kulipa, aulize kozi anayoitaka inapokea njia hiyo. Na mtu atakayempigia mzazi simu akidai “anaye mtu” ndani ya chuo kikuu anayeweza kumwingiza mtoto mwaka wa tatu, akatiwe simu.

Kule dukani, mwenye steshenari ameshaanza kufunga dirisha. Kijana anaandika kwenye kijidaftari: Januari, usajili, Hisabati. Mama amenyamaza muda mrefu. Nyumbani ana binti mwingine, yuko kidato cha nne, mtihani wake ni Novemba hii.

Usiku, maharage yakiwa jikoni, anamwita.

“Mock hesabu ulipata ngapi, mwanangu?”

“Ishirini na sita, mama. Lakini mwalimu wa darasa alisema kwa uuguzi hesabu si lazima.”

Mama anatazama kaka mtu, kaka mtu anatazama chini.

“Mwalimu wenu wa hesabu,” anauliza mama, “anakaa wapi?”